Nyumbu Anauzwa

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na leo hiihii daktari wa macho ameniambia nisiendeshe tena chombo chochote cha moto. Daktari mwenyewe ningeweza kumzaa. Ameweka picha ya jicho langu la kushoto kwenye kompyuta, akasema presha ya ndani ya jicho imelila kimyakimya kwa miaka, na kilichobaki ni kijitundu kama cha ufunguo. La kulia bado zima, tutalilinda kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni. "Kwa hiyo, mama, pikipiki basi." Alivyolitamka hilo "basi" ungedhani anamkataza mtoto peremende.

Nimekuwa daktari wa mifugo miaka thelathini na mmoja. Nimewaambia watu wengi kwamba ng'ombe wao hatapona. Sijawahi kumwambia mtu "basi" akiwa amesimama. Humwambia kwanza akae.

Nimerudi nyumbani nikiendesha.

Mume wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mwalimu ingawa amestaafu hesabu zake miaka minne sasa, ameniuliza daktari kasemaje. Nikasema, "Miwani mpya." Halafu, kwa kuwa uongo nilishauanza, nikaona niumalize: nikasema nimefikiria niuze pikipiki, maana na mimi nimestaafu, sina tena mifugo ya kuifuata milimani.

"Kama umeamua," akasema, akaendelea kumenya chungwa lake.

Miaka kumi na mmoja amekuwa akiilalamikia pikipiki hiyo. Leo imehukumiwa kifo, anamenya chungwa. Nimekasirika hadi chakula kimenishinda.

Jumatano, 5 Machi

Dawa ya matone inataka kukaa kwenye baridi. Nikiiweka kwenye friji wataiona, kwa hiyo nimeiweka kwenye sanduku la chanjo lililofungwa nyuma ya pikipiki, na vipande vya barafu. Humo hamna anayefungua ila mimi.

Tangazo ameliandika wifi yangu, dada yake Mwalimu, anayeishi chumba cha uani na anayejua mambo ya simu kuliko sisi sote. Mimi nilikuwa nataja, yeye anabonyeza. Masanduku mawili ya aluminiamu ya pembeni, yanafungwa kwa ufunguo mmoja. Sanduku la tatu la baridi. Tangi la lita thelathini. Kioo kirefu cha kukinga upepo. Vyuma vya kukinga injini, na bamba chini yake. Taa mbili za ukungu. Kinga za mikono. Stendi ya katikati. Matairi ya meno makubwa, ya mwaka huu. Pampu, vipuri, na daftari la matengenezo lenye kila mafuta yaliyomwagwa tangu nilipoinunua kwa mgeni mmoja aliyetaka kuzunguka dunia, akafika kwetu, hamu ikamwisha.

"Na jina niandike?" akauliza wifi.

"Jina la nini?"

"Si unaiita Nyumbu! Kaka yangu alioa mke mmoja, akaletewa wawili, na huyo wa pili anakunywa petroli."

Nimemwambia aandike anachotaka. Akaandika: NYUMBU ANAUZWA. Sasa watu wanapiga simu kuuliza kama nina kibali cha maliasili.

Jumamosi, 8 Machi

Mnunuzi wa kwanza ni mwanasheria. Amekuja na mkewe, na viatu ambavyo havijawahi kukanyaga hata nyasi. Akanipita mimi niliyeshika ufunguo, akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu aliyekuwa barazani na gazeti lake. "Mzee, umeitunza kweli!"

"Mimi hata baiskeli sijui," Mwalimu akasema. "Mwenyewe huyo hapo."

Mwanasheria akacheka sana. Alidhani ni utani. Kila nilipojibu swali, lililofuata alimuuliza Mwalimu. Nikamwambia ekseli ya nyuma imebadilishwa. Akamuuliza Mwalimu kama ekseli ya nyuma imewahi kubadilishwa. Mwalimu akanigeukia: "Imewahi?"

Mwishowe akauliza, "Na mbona mnauza?"

Nikasema tunahamia kwa binti yetu, kwake hakuna pa kuegesha. Ilinitoka tu. Mwalimu aliinua macho kwenye gazeti, akayarudisha.

Kisha bwana yule akapanda, akatanua magoti kama anayekaa chooni, akamwambia mkewe ampige picha. Picha kumi na mbili, nimezihesabu. Nikamwambia ashuke, pikipiki hii haiuzwi kwa picha. Wakaondoka wamenuna.

"Biashara haigombi, Daktari," Mwalimu akaniambia.

"Na wewe soma gazeti lako."

Jumanne, 11 Machi

Mvua. Simu saba. Kuna dalali mmoja hana hata salamu, anaanza na "Bei ya mwisho?" Nimelihifadhi jina lake hivyohivyo: Bei ya Mwisho. Aliponiuliza sababu ya kuuza nikamwambia nimechoka na vumbi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo amekuja mtu anayejua. Ni mkaguzi wa madaraja, mrefu, mkimya, mwenye kucha zenye kutu. Alinisalimia mimi kwanza. Hakugusa usukani. Alipiga magoti kwenye tope, akapitisha kiganja chini ya bamba la injini, akakinusa kiganja. Akaomba daftari la matengenezo, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, mvua inamdondokea kisogoni. Nilimpenda, na kumpenda kulinikera, maana huyu angeweza kuichukua kweli.

Akafungua sanduku la chanjo kabla sijamzuia. Akatoa kichupa changu.

"Hii ni nini?"

"Dawa ya ng'ombe."

"Matone? Ng'ombe nao wanatiwa matone?"

"Wana macho."

Akakirudisha taratibu. Akauliza kwa nini nauza. Nikasema tunanunua gari. Akageuka akalitazama geti letu, ambalo Nyumbu akiwa na masanduku yake hupita kwa kubana pumzi.

"Gari litapita wapi?"

Akasema atafikiria, na mtu akisema atafikiria ujue ameshafikiria. Nimeosha pikipiki nzima kwa hasira, kisha mvua ikaiosha tena.

Jumatatu, 17 Machi

Napasha injini kila asubuhi Mwalimu akiwa kwenye matembezi yake. Pikipiki ikikaa bila kuwashwa inaharibika, hilo kila fundi atakuambia. Naenda hadi kituo cha mafuta na kurudi. Si kuendesha huko.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nimefunga mlango.

Mvua kubwa ilikatika saa mbili asubuhi. Nikajua Mwalimu ameshatoka, nikavaa koti na helmeti, nikatoka na Nyumbu. Barabara ilikuwa imejaa maji, mtaro wa kushoto umefurika. Penye kona ya mashine ya kusaga nilijisogeza kushoto kukwepa shimo. Nilitazama. Naapa nilitazama. Hakukuwa na mtu.

Kitu kikagonga sanduku la kushoto. Nikasikia sauti ya mtu, neno moja, sikulishika. Kwenye kioo cha pembeni nikamwona mtu mtaroni, maji ya magotini, na mwavuli mweusi umepinduka. Koti la kahawia. Lile koti nililomnunulia Mwalimu.

Sikusimama.

Hilo ndilo niliandike vizuri, nisije siku moja nikajidanganya. Sikusimama. Mkono wangu uliongeza mafuta badala ya kupunguza. Nikaenda hadi kituo cha mafuta, nikakaa pale nimeshika usukani hadi mhudumu akaniuliza kama najaza au vipi.

Nilirudi kwa njia ya nyuma, nikafika kabla yake. Akaingia suruali imelowa tope hadi mapajani, mwavuli umevunjika mbavu mbili.

"Umefanya nini?" nikamuuliza. Niliuliza kweli, kwa mdomo wangu huu.

"Bodaboda mmoja kanipitia karibu."

"Umemtambua?"

"Ah, wana haraka hawa." Akaenda kuoga.

Nyumbu yuko mmoja mji huu mzima. Kipofu kamili angemtambua kwa mlio. Mwalimu amekula chakula cha mchana, amenisifia mchuzi, amesoma gazeti lake. Nimeifua ile suruali kwa mikono hadi vidole vimechubuka, na kadiri nilivyofua ndivyo nilivyozidi kumkasirikia. Angenitukana. Angeuliza, "Wewe mwanamke, una wazimu?" Ningejua pa kuanzia. Mtu anayekusitiri bila kumwomba amekufunga kamba, huwezi hata kumgombeza.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Sanduku la kushoto lina mkwaruzo wa urefu wa kidole. Nimeusugua na nta, hautoki.

Kuna pamba sakafuni, kipande kidogo, chini ya kiti changu cha mezani. Nimemwuliza wifi hii nyumba inafagiliwa na nani.

Ijumaa, 28 Machi

Pamba tena, palepale.

Jumatatu, 31 Machi

Pamba. Mara hii nimemfokea Mwalimu, maana wifi ameapa kwa kaburi la mama yao kwamba si yeye. Mwalimu akasema labda inadondoka kwenye mkoba wangu wa kazi. Mkoba wangu wa kazi haujafunguliwa tangu nistaafu. Huyu mwanamume tangu amestaafu anazidi kuwa mchafu, na mimi ndiye niliyeambiwa naharibika.

Jumatano, 2 Aprili

Nimepasha injini. Dakika kumi tu.

Jumamosi, 5 Aprili

Bei ya Mwisho amekuja mwenyewe, bila kualikwa, na miwani ya jua siku ya mvua. Ni mfupi, mnene, anaongea huku anatembea. Alimzunguka Nyumbu mara mbili, akapiga mluzi.

"Mama, nikuambie ukweli?"

"Wewe? Utautoa wapi?"

Hakukasirika. Madalali hawana nyongo. "Kitu kizuri hiki. Na wewe unajua, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Chako kimekaa mwezi mzima. Kwa nini?"

"Kwa sababu ya watu kama wewe."

"Kwa sababu yako. Mwanasheria umemwambia unahama. Mkaguzi wa madaraja umemwambia unanunua gari. Mimi umeniambia umechoka na vumbi." Akanyoosha mkono nje ya baraza, mvua ikaulowesha. "Vumbi liko wapi, mama? Watu wanaongea. Kijiwe cha mafundi wanasema injini ilikufa ikafufuliwa. Kuna wanaosema ya wizi."

"Ya wizi!"

"Mimi nimesikia tu. Anayeuza kwa sababu tatu, ana ya nne anaificha. Mnunuzi anainusa hiyo."

Nilikuwa na ndoo ya maji niliyooshea tairi. Nikamwagia miguu yake, na sikukosea, maana alikuwa amesimama kulia. Akaruka hadi getini. Wifi alicheka hadi akakaa chini. Mwalimu alikuwa mlangoni. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akitazama daftari la mwanafunzi mwenye jibu sahihi na njia isiyoeleweka.

Ya wizi! Miaka kumi na mmoja nimewachanja ng'ombe wa nusu ya mkoa huu kwa pikipiki ile.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Pamba. Nimeiokota nikaitupa, sikusema kitu. Nimechoka kusema.

Jumapili, 13 Aprili

Leo nitaandika hadi wino uishe.

Asubuhi alikuja muuza maziwa wa mtaa wa nyuma. Mtamba wake anajigonga kwenye nguzo za banda, anaingia kwenye kihori kwa bega. "Dakta, najua umestaafu, lakini njoo mara moja." Nikachukua mkoba. Mwalimu akachukua koti lake, kama ilivyo desturi: tangu tuoane, mnyama wa karibu nikiitwa, yeye hunishikia kichwa. Hana haja ya kuambiwa. Anajua pa kubana pua, anajua wakati wa kuachia.

Mvua ilikuwa rasharasha. Bandani mlikuwa na mwanga wa kutosha. Mwalimu akamshika mtamba, mimi nikafungua mkoba nikatoa pamba. Ndivyo tunavyompima mnyama kama anaona. Ukipunga mkono anahisi upepo, ukipiga kofi anasikia. Pamba haina upepo wala sauti. Unanyofoa kipande, unakiachia kidondoke pembeni ya jicho. Anayeona atakifuata kwa jicho hadi chini. Asiyeona hana habari.

Niliachia upande wa kulia. Mtamba akakifuata. Nikahamia upande wa pili nikaachia. Kikadondoka taratibu hadi kwenye majani, na mnyama anacheua tu. Nikarudia. Hana habari.

"Upande huu haoni," nikasema, nikainama kuokota ile pamba.

Nikaiona pale chini. Kipande kidogo, cheupe, pembeni, upande wa kushoto. Nikainua kichwa. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikaiokota, nikamnyooshea.

"Mara ngapi?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajaelewa. "Kumi na moja. Saba kushoto, nne kulia."

"Na niliona ngapi?"

"Za kulia zote."

Nilipiga kelele. Sikumbuki yote niliyosema, na ninayoyakumbuka siyaandiki. Nilimwambia amenifanya mnyama. Kwamba amekaa mezani kwangu, anakula chakula changu, mkono wa pili unanidondoshea pamba kama mfugo wa kununuliwa mnadani. "Umenipima kama ng'ombe!"

"Ningekupimaje?" Ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kumsikia Mwalimu akipandisha sauti. Mtamba alishtuka, Mwalimu akambana zaidi. "Nilikuuliza kama mtu, ukaniambia miwani mpya."

"Jamani," muuza maziwa akasema mlangoni, "ng'ombe wangu vipi?"

"Jicho moja limekufa!" tukamjibu wote wawili.

Nikamwambia Mwalimu kama anajua hayo, basi na la mwavuli analijua. Akasema analijua. Akasema alikuwa amesimama kabisa pembeni, mguu mmoja mtaroni, amenipisha, na alishaniinulia mkono kunisalimia. Nilipozidi kumjia aliniita. Nikampita.

"Mbona hukusema?"

Akamwachia mtamba. Akajifuta mikono kwenye koti, kitu asichofanya kamwe.

"Nilidhani umefanya makusudi," akasema. "Siku tatu nilikuwa najiuliza nimekukosea nini. Msimu huu wote huongei, unafoka tu. Nikasema labda mke wangu amenichoka kiasi hicho. Halafu nikakumbuka pamba. Nilikuwa naomba liwe jicho."

Muuza maziwa alikwenda kusimama nje kwenye mvua.

Nimemwandikia dawa ya mtamba ili kulilinda jicho la pili. Tumerudi nyumbani, Mwalimu mbele, mimi nyuma. Nimekaa chumbani tangu saa sita. Nimewakasirikia daktari wa macho, wifi, mwanasheria na dalali, tangu mvua ianze. Mume wangu amekaa siku tatu humu ndani anaamini nilitaka kumgonga, akasifia mchuzi. Hasira iliyobaki sina wa kumpa ila mwenyewe, na mwenyewe siwezi kujikimbia.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimemtupia Mwalimu funguo za Nyumbu wakati wa chai. Amezidaka. Amezitia mfukoni, akamalizia chai.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua. Bado hatuongei. Kichupa cha dawa nimekihamishia kwenye friji, mlangoni, pa kuonekana. Mwalimu amekisoma maandishi yake yote, na karatasi ya maelekezo, pande zote mbili.

Wifi amejua habari ya jicho. Akaja chumbani, akasimama na mikono kiunoni. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Na wewe ungetuumbua sote." Nilimwambia atoke. Akatoka, akarudi na uji.

Jumamosi, 19 Aprili

Jioni, saa ya dawa, tone lilikuwa linamwagikia shavuni kama kawaida. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, hajui aingie au arudi.

"Unanitazama nini? Njoo unishike kichwa."

Ameshika vizuri. Uzoefu anao.

Jumanne, 22 Aprili

Nimempigia Bei ya Mwisho. Nikamwambia kabla hajaanza na bei yake asikilize. Nikamwambia sababu ya nne: jicho la kushoto limekwisha, nimeficha tangu Machi, nimeendesha hivyohivyo, nikamgonga mume wangu, sikusimama. Yote.

Hakutaja bei. Kwa dalali ni ugonjwa huo.

"Mama," akasema, "hiyo inauzika."

"Inauzika vipi, wewe mwehu?"

"Mtu anauza kwa sababu haoni, si kwa sababu chombo kibovu. Ningekuwa nayo hiyo Machi, kitu kingeshatoka. Umeniweka mwezi mzima na vumbi!" Sauti yake ikabadilika kidogo. "Pole lakini. Baba yangu alikuwa fundi saa. Macho yalimwisha hivyohivyo, akawa anakataa. Alitengeneza saa za watu, sisi tukawa tunazirudia usiku kwa siri."

Msimu mzima nimemwona mtu huyu kuwa mdomo tu. Nikamwambia aje Jumamosi moja na mtu wa maana, na aache ile miwani nyumbani.

Jumamosi, 3 Mei

Ameuzwa.

Bei ya Mwisho alikuja na mkaguzi wa madaraja. Mkaguzi alinisalimia, akasema ameelezwa, akasema pole mara moja, ikatosha. Nilimshukuru kwa kutorudia. Kisha nikamwonyesha kila kitu, kwa sauti, mbele ya watu wote, kuanzia mabaya. Sili ya uma wa mbele, mpira unaozuia mafuta, inataka kubadilishwa. Taa ya ukungu ya kulia inaingiza maji. Nyumbu akiwa wa baridi anazimika ukimharakisha, mpe dakika mbili. Tope likifika ekseli, simama kwenye vikanyagio, usukani uuachie ucheze, usimkamate, atajua mwenyewe njia.

"Na huu?" Alikuwa ameinama kwenye sanduku la kushoto.

"Huo ni mwavuli wa mume wangu. Nilimgonga tarehe ishirini na mbili Machi. Sikumwona, na nilipojua ni yeye sikusimama."

Wifi akashika mdomo. Alijua jicho, hilo hakulijua. Bei ya Mwisho akatazama juu. Mkaguzi, kwa kuwa ni mkaguzi, akapima mkwaruzo kwa kidole, akaomba tupunguze kidogo kwa ajili yake.

Mwalimu, ambaye msimu mzima hakuwahi kutia neno kwenye bei, akashuka barazani.

"Mkwaruzo huo ni wangu," akasema. "Haupunguziwi."

Ikaishia hapo. Bei ni ileile niliyoitaja Machi. Mwalimu akatoa funguo mfukoni, lakini hakumpa mkaguzi. Alinipa mimi, mimi ndiye niliyempa.

Mkaguzi alitoka naye getini kwa kubana pumzi. Nilisikia anabadilisha gia kwa kuchelewa penye kona ya mashine ya kusaga, injini inalia bure, nikapiga kelele, "Badilisha, wewe! Badilisha!" kana kwamba angenisikia. Alipobadilisha nililia. Nililia kwa sauti mbaya, ya hasira, na sikujali jirani gani yuko dirishani. Bei ya Mwisho alinishikia bega, nikamwachia.

Jumapili, 4 Mei

Uani kuna doa la mafuta. Sifuti.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua haijanyesha siku tatu. Muuza maziwa amepita kusema mtamba wake anakwepa nguzo sasa, amejifunza kugeuza kichwa. Nimemwambia hongera kwa mtamba.

Jumatatu, 12 Mei

Kliniki ya macho leo, kwa miguu, dakika arobaini. Daktari anatuma watu watembee kwa sababu yeye ana gari. Barabara imekauka, mitaro imebaki na tope na chupa. Mwalimu amevaa koti lake, akanishika mkono wa kulia, anavyofanya siku zote tukitoka pamoja. Anaongea habari za gazeti.

Hatujafika hata kwenye mashine ya kusaga nimegonga nguzo ya simu kwa bega la kushoto. Hatua ishirini mbele, baiskeli ya mtu iliyoegeshwa. Ikaanguka na mimi nusura niifuate. Mwenyewe akatoka dukani na mdomo wazi. Nikamfokea kabla hajanifokea. Mwalimu akainua baiskeli, akaomba radhi, akarudi kulia kwangu, akanishika mkono tena kwa upole, akauliza kama nimeumia.

Nikautoa mkono.

"Huko kulia nakuona," nikamwambia. "Utanifaa nini mahali ninapokuona? Hamia kushoto!"

Alisimama katikati ya barabara, akanitazama. Kisha akazunguka nyuma yangu, akatoweka. Nilisubiri. Vidole vyake vikanishika kiwiko.

"Nipo," akasema.

Shimo la kwanza alilitaja mapema, nikalikwepa. La pili alichelewa, nikamgombeza hadi mlangoni pa kliniki.